Safu ya Jumatatu

Kabula aliingiza mkono chini ya kanga nyeusi bila kuinua ncha yake, kama desturi ilivyotaka. Akapapasa mpaka akagusa ukingo wa kioo, akazamisha sindano, akavuta maji kidogo. Nyuma yake, kwenye kochi, shemeji yake Shija alikuwa anakunywa chai kwa kuivuta kwa sauti.

"Leo siku ya ngapi?" Shija akauliza, ingawa alijua.

"Thelathini na saba."

"Zimebaki tatu. Anza kumzoesha mwanao Limi nyumba yangu. Asije akalia njia nzima."

Kabula alitoa mkono chini ya kanga. Aliyamwaga maji kwenye kichupa, akatia kijiko kidogo cha unga, yakawa ya waridi. Kisha akaanza kudondosha dawa, tone moja moja, akitikisa na kuhesabu moyoni. Maji yakageuka buluu mapema mno. Akasoma kwenye karatasi ya vipimo. Mia tatu.

Juzi kalsiamu ilikuwa mia tatu na ishirini. Wiki iliyopita mia tatu na sabini. Siku Mihambo alipokufa ilikuwa mia nne na thelathini, nambari ambayo mumewe aliipenda kiasi cha kuiandika kwa chaki ukutani juu ya tangi. Chaki ilikuwa bado ipo.

Chini ya mia tatu na themanini tumbawe huanza kujila. Hata mtoto wa chekechea pale Shinyanga alijua hilo, maana hapakuwa na nyumba isiyo na tangi. Kila siku tumbawe la nyumba lilijenga safu moja, nyembamba kuliko ukucha, na katika safu hiyo sauti zote za sebuleni ziliganda: salamu, kikohozi, matusi, watu wakicheka. Likikosa kalsiamu ndani ya maji, liliichukua kwenye mwili wake lenyewe, likianzia nje, yaani likianzia siku za mwisho. Ndiyo maana mtu akifa tangi hufunikwa. Gizani tumbawe halijengi, kwa hiyo makelele ya matanga hayapandi juu ya sauti ya marehemu. Mjane ana kazi moja tu, kuhakikisha kalsiamu haishuki mpaka msomaji aje siku ya arobaini na msumeno wake, alikate na kuzisoma sauti zake.

Na safu aliyoihitaji Kabula ilikuwa ya nje kabisa. Ilikuwa ya Alhamisi aliyokufa Mihambo, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi.

"Saa nne, shemeji," Shija akasema, kama aliyesoma mawazo yake. "Mtu anahema kama mvukuto saa nne nzima. Simu iko mezani. Zahanati iko hapo ng'ambo ya barabara, unaweza kuwarushia jiwe likafika. Na wewe umekaa."

"Nimeshasema. Tumbawe litaeleza."

"Litaeleza. Na lisipoeleza, tutajua nani alilinyamazisha. Anayegusa maji haya ni mmoja tu ndani ya nyumba hii."

Bi Milembe, mama mkwe, alitoka chumbani akiburuta kandambili. Tangu siku ya msiba alikuwa amehamia pale na mkeka wake, na kwa siku thelathini na saba hakumwita Kabula kwa jina.

"Mwenye zamu ya maji amemaliza?" akamuuliza Shija. "Nataka kupita."

Kabula akasogea. Mama mkwe akapita bila kumwangalia, akaenda jikoni. Kabula akaingiza tena mkono chini ya kanga na kumimina kalsiamu, vifuniko viwili badala ya kimoja. Alikuwa amefanya hivyo wiki nzima. Alivyozidi kuongeza ndivyo ilivyozidi kushuka.

* * *

Saa tano Shija aliondoka kwenda kikao cha ukoo, na Bi Milembe akatoka kwenda genge la mboga. Limi, mwenye miaka minne, alikuwa kwa jirani. Kabula alifunga mlango kwa ndani, akawasha tochi, kisha akafanya jambo ambalo mjane halifanyi kabla ya arobaini. Aliiinua kanga.

Alirudi nyuma hatua moja.

Hita ilikuwa nyeupe kama mguu uliofungwa plasta. Pampu ilikuwa inakoroma, imejaa ukoko. Mchanga chini ulikuwa umegandamana kuwa kitu kimoja kigumu kama mkate uliokauka. Na maji yenyewe yalikuwa na ukungu, kama tui la tatu. Kule katikati tumbawe la Mihambo lilikuwa limekonda kwenye ncha zake.

Alikwishaona maji ya namna hiyo mara moja tu, na mara hiyo ilitosha.

Lilikuwa tangi la baba mkwe, Mzee Luhende, lililokaa chumba cha nyuma miaka kumi na mmoja bila kusomwa. Bi Milembe hakutaka msumeno. "Akisomwa atakuwa amekwisha," alisema kila mwaka, na kila mwaka alikuja siku moja kukaa mbele ya kioo na kitambaa chake cha kufuma, asiseme neno. Mihambo ndiye aliyekuwa analitunza. Alikuwa fundi wa maji haya, majirani walimwita hata saa za kula. Aliwafundisha kwamba dawa ya kalsiamu na dawa ya magadi haziingii chombo kimoja, hutiwa pande mbili za tangi, moja asubuhi na nyingine jioni, kwa sababu zikikutana hushikana na kuwa chokaa, na chokaa tumbawe haliwezi kuila. Halafu akapata safari ya kikazi ya siku tisa. Alikuwa amechoka. Dumu la pili lilikuwa limevuja. Akaunganisha dawa zote kwenye dumu moja, akawasha pampu ya matone, akaondoka. Kosa la fundi, mtu asiyejua asingethubutu.

Aliporudi, Mzee Luhende alikuwa kisiki cha ukubwa wa kidole gumba.

Bi Milembe alikuja Jumatatu. Hakulia. Alisimama hapa hapa sebuleni, mbele ya tangi hili linalosikia kila kitu, akamwambia mwanawe: "Umemuua baba yako mara ya pili. Radhi yangu huna. Kifo kikikukuta, kikukute bila mama." Alhamisi kikamkuta.

Kabula alishusha kanga, akaenda jikoni. Kopo la magadi lilikuwa nyuma ya unga. Alilinunua kabla ya msiba, limejaa, kilo nzima. Alipolitikisa, kilichosikika ndani kilikuwa kama punje chache za mchele.

Alikaa kwenye kigoda, kopo mapajani, akasubiri.

* * *

"Mama, magadi yameisha."

Bi Milembe aliweka kapu chini. Akatoa kunde, akaanza kuzichambua kwenye ungo. "Nimepikia."

"Umepikia nini kinachomaliza kilo nzima kwa siku kumi?"

"Unanikagua jikoni? Ndani ya nyumba ya mwanangu?"

"Nimeinua kanga."

Mikono ya mama mkwe ikasimama juu ya ungo, kisha ikaendelea. "Kwa hiyo na hilo umelivunja. Nitawaambia."

"Waambie. Na mimi nitawaambia hita ina rangi gani."

"Watakuamini wewe?" Bi Milembe akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mwenye maji ni wewe. Mwenye sindano ni wewe. Mimi ni kizee, sijui hata tone linaangaliwaje."

"Unajua. Ulimsikiliza Mihambo akikueleza Jumatatu ile yote. Magadi yanakula kalsiamu. Alikueleza akilia, na wewe ukaweka akilini."

Mama mkwe alitupa kunde mbovu dirishani, moja, mbili.

"Linajila kuanzia nje, Mama," Kabula akasema. "Kabla halijafika kwenye maneno yako lazima lile Alhamisi yangu. Bila Alhamisi ile ukoo utamchukua Limi. Umelifikiria hilo wakati unakoroga?"

"Nililifikiria."

"Na ukakoroga."

"Na nikakoroga." Bi Milembe akainua uso kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hayakuwa na unyevu wowote. "Unataka watu saba wakae kwenye viti, wenye chai mkononi, wanisikilize nikimlaani mtoto wangu? Siku tatu kabla hajafa? Wewe bado msichana. Watakusema, utahama mji, utaolewa. Mimi nikisikika vile nitakuwa mama wa nani?"

"Na mimi nikinyang'anywa nitakuwa mama wa nani?"

"Ulimwacha afe."

"Alikataa! Alinishika mkono hapa," Kabula akajishika kifundo cha mkono, "akaniambia nisimwite mtu, kwa sababu…"

Akajikatiza. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno.

"Kwa sababu gani?"

Kabula alikuwa ameahidi. Katika saa zile nne Mihambo alikuwa amesema mambo machache, na la mwisho lilikuwa lile: Mama asijue kwamba ni kwa ajili ya maneno yake. Alikuwa amelala ubavu kwenye kochi, akasema keshakataliwa, haoni sababu ya kupigania pumzi ambayo aliyempa ameikana. Kisha akamwapisha mkewe. Kwa siku thelathini na saba Kabula aliitwa muuaji akanyamaza, akijipa moyo kwamba aliahidi yeye kutosema, hakuahidi kwamba tumbawe halitasema. Usiku na mchana aliihesabu hila hiyo kama haki yake. Na bado ndani kabisa kulikuwa na swali lingine ambalo hakuna safu ingeweza kumjibia: mkono ule uliomshika ulikuwa hauna nguvu. Angeweza kuutoa. Simu ilikuwa mezani.

"Kwa sababu gani?" Bi Milembe akarudia, na safari hii aliuliza kama mtu asiyetaka kujibiwa.

"Tumbawe litasema," Kabula akajibu, akaondoka na kopo.

Alasiri ile alibadilisha robo ya maji. Alichanganya chumvi ya mifuko kwenye ndoo, akapima ukali wake, akayapasha joto yalingane, akayamwaga polepole. Akakwangua hita. Kisha akatia kalsiamu, kifuniko kimoja, asizidishe. Ishirini kwa siku, zaidi ya hapo tumbawe hushtuka na kufa kwa wema uleule uliotaka kuliponya. Alipiga hesabu mara tatu, na mara tatu jibu likawa lilelile. Jumatatu ya arobaini ingemkuta kwenye mia tatu na sitini. Mpaka siku hiyo tumbawe lingekuwa bado linajila.

Siku zote tatu alilala kwenye kochi, kichwa upande wa tangi. Kila Bi Milembe alipotoka chumbani, Kabula alifumbua macho.

* * *

Msomaji aliitwa Kiyenze, mwanamke mfupi mwenye miwani minene na begi la chuma. Alikuja saa tatu asubuhi. Watu saba wa ukoo walikuwa wamekwishakaa kwenye viti vya plastiki, Shija mbele kabisa. Kando ya mlango kulikuwa na mfuko wa nguo za Limi, umefungwa zipu. Kabula hakuufunga yeye.

Kiyenze aliondoa kanga, akaikunja vizuri, akampa Bi Milembe aipakate. Akachukua maji, akadondosha, akaangalia.

"Mia tatu na sitini," akasema.

Minong'ono ikapita kwenye viti.

"Mmesikia?" Shija akasimama. "Fundi wa maji! Mke wa Mihambo! Mia tatu na sitini!"

"Kaa, kaka, sijamaliza." Kiyenze akashusha majini kijiti chenye lenzi nchani, akakipitisha taratibu kwenye ukingo wa tumbawe, kama mtu anayehesabu mishono. Alichukua muda mrefu. Mtu mmoja alikohoa, jirani yake akaomba radhi kwa niaba yake.

"Alhamisi haipo," Kiyenze akasema bila kugeuka. "Imeliwa yote. Jumatano haipo. Jumanne… haipo. Ya nje kabisa ni Jumatatu. Hiyo nzima, haijaguswa."

Kabula aligeuza shingo. Bi Milembe alikuwa ameishika kanga nyeusi kwa mikono yote miwili, na vidole vyake vilikuwa vimepauka kama ile hita. Kilo nzima ya magadi, siku kumi za kukoroga, na kilichofutwa ni zile saa nne tu ambazo zingemwokoa mkwewe. Maneno yake mwenyewe sasa ndiyo yaliyokaa juu, wazi, ya kwanza kusomwa.

Kiyenze aliuweka msumeno mezani. Ulikuwa mwembamba kama waya. "Desturi mnaijua. Nikikata limekufa, na nitasoma kuanzia nje kwenda ndani. Mwenye tangi ndiye anayesema. Mama Limi, nikate, nisikate?"

"Akikataa ni kukiri," mjomba mmoja akasema kutoka nyuma.

"Ni kukiri," Shija akaitikia.

Kabula alijua hasa wangesikia nini. Neno moja tu, kata, na watu hawa saba wangegeuza viti vyao upande wa pili. Isingemsafisha. Alhamisi haikuwepo. Lakini asingeitwa mbaya peke yake tena. Kwa siku arobaini alikuwa na njaa ya jambo hilo, na sasa lilikuwa limepakuliwa, linafuka moshi. Aliutazama mfuko wa Limi. Akaitazama chaki ukutani, mia nne na thelathini, mkia wa ile tatu umepinda kama Mihambo alivyozoea kuupinda. Chini ya Jumatatu kulikuwa na Jumapili, na chini ya Jumapili miaka sita, Mihambo akimwimbia mtoto, Mihambo akigombana na redio. Vyote vingepita kwenye waya ule ili mwanamke mmoja aaibike.

Na Limi naye angekua akijua kwamba la kwanza lililosikika kuhusu baba yake lilikuwa lile.

"Usikate," akasema.

"Sema kwa sauti," Shija akadai.

"Usikate! Umeziba masikio?"

"Basi limekwisha. Amekiri." Shija akapiga makofi mara moja, akauendea mfuko. "Muiteni mtoto."

Hakuna aliyeinuka mara moja. Kiyenze alirudisha msumeno begini. Shija alishika mpini wa mfuko, akaunyanyua.

"Weka chini."

Ilikuwa sauti ya Bi Milembe. Shija akageuka. "Mama?"

"Nimesema weka chini. Mtoto hatoki."

"Mama, amekiri mbele ya watu wote."

"Na maji haya atapima nani? Wewe?" Bi Milembe akamkata jicho kuanzia miguuni. "Wewe unayetia sukari kwenye mboga ukidhani chumvi? Waridi na buluu unazijua? Mwanangu yumo mle ndani. Huyu akiondoka mwanangu ataisha kama baba yake. Na mtoto hukaa alipo mama yake. Nimemaliza."

"Kwa hiyo unasema hana hatia?" mjomba akauliza.

Kabula alisubiri. Ilikuwa nafasi fupi, ya sentensi moja tu, na wote wawili waliiona ikiwa wazi mbele yao.

"Sikusema hivyo," Bi Milembe akajibu.

* * *

Walipoondoka wote, viti vikabaki vimetawanyika. Bi Milembe alikunja mkeka wake chumbani, akatoka nao kwapani. Badala ya kwenda mlangoni, alisimama mbele ya tangi.

"Linasikia sasa hivi?"

"Halijengi," Kabula akasema. Alikuwa anakusanya vikombe. "Linaanza kujenga mia nne na ishirini. Na taa."

"Ishirini kwa siku."

"Ishirini kwa siku."

Mama mkwe alihesabu kwa kidole gumba kwenye vifundo vya vidole. "Alhamisi."

"Alhamisi."

"Nikija nikasema neno, litakaa juu ya lile?"

"Litakaa juu. Halitalifuta. Lile litabaki chini yake."

"Sikuuliza kufuta." Alikitazama kioo kwa muda. "Alisema kwa sababu gani? Siku ile."

Kabula aliweka vikombe chini. Jibu alikuwa nalo, zima, lenye makali, na sasa hapakuwa na tumbawe la kumsemea. Hakuna aliyekuwa anasikia ila wao wawili.

"Alikuwa amechoka," akasema.

Bi Milembe alimwangalia. Hakuamini, na ilionekana kwamba haamini. Kisha akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea kitu kizito na kukiweka begani bila kukifungua.

"Usidhani nimekusamehe."

"Wala mimi, Mama."

"Vizuri."

Aliufikia mlango, akasita. Akashika ncha ya kanga yake, akafungua fundo, akatoa kifurushi cha magadi cha ukubwa wa ngumi, kimefungwa kwenye nailoni. Kilikuwa kipya. Alikiweka juu ya meza, karibu na sindano, akatoka.

Kabula aliwasha taa ya tangi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku arobaini sebule ikawa ya buluu. Kisha akachukua chaki, na chini ya nambari ya Mihambo akaandika mia tatu na sitini.